Sifa za Gari Linalojizima

Kila gari lililowahi kusifiwa Dar es Salaam limesifiwa kwa kwenda. Linavuta, halili mafuta, lilipanda Kitonga likiwa na watu wazima watano na gunia la vitunguu, lilitoka Moshi alfajiri likaingia Ubungo jua halijazama. Sijawahi kusikia gari likisifiwa kwa kusimama. Dhuluma hiyo nataka kuirekebisha leo, kwa niaba ya kifaa kidogo kilichomo ndani ya magari mengi tunayoagiza Japani: ule mfumo unaozima injini ukisimama kwenye taa, na kuiwasha ukiondoa mguu kwenye breki. Alama yake ni herufi A iliyozungukwa na mshale. Nawahi kusema kwamba ulio mzima haunihusu. Nausifu ulioharibika.

Ulio mzima una utii tu, na utii unatosha kupewa cheti. Fiat na Volkswagen walianza kuujaribu miaka ya 1980, soko halikuwaelewa. Mwaka 2009 Mazda walitoa wa kwao, wenye ujanja wa kuzisimamisha pistoni mahali panapofaa, kunyunyizia petroli ndani ya silinda na kuipiga cheche, injini ikaamka kwa sekunde 0.35, kabla dereva hajamaliza kunyanyua mguu. Tena ni mfumo unaouliza kabla ya kutenda. Betri imejaa? Injini imepata moto? Mkanda umefungwa? Ndani pamepoa? Jibu moja likiwa hapana, unaghairi na injini inaendelea kunguruma. Shika hilo la injini kupata moto, tutalihitaji.

Na bado una maadui. Mwezi Mei 2025, Lee Zeldin, mkuu wa wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, alitangaza hadharani kwamba kila mtu anauchukia. Wenzetu wanauchukia ukiwa unafanya kazi! Wangeletewa wa kwangu sijui wangefanyaje.

Wa kwangu uliharibiwa na betri. Gari la namna hii huzaliwa na betri maalumu, yenye maandishi kama Q-85 au M-42, iliyoundwa kuvumilia kuwasha injini mara nyingi kwa siku. Bei yake inakera. Kwa hiyo aliyelimiliki gari kabla yangu aliweka betri ya kawaida, akaipangusa vumbi, akaniuzia vyote kwa pamoja huku akiniapia kwamba gari halina hata kelele. (Kuhusu kelele alisema kweli.) Betri ya kawaida imezoea kuwasha injini asubuhi, kisha ikapumzika ikichajiwa njia nzima. Haikuumbwa kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo na joto la Februari. Isitoshe, kwenye magari mengi ya aina hii betri mpya haifungwi tu ikaisha. Hupaswa kutambulishwa kwa kompyuta kama mkwe anayepelekwa ukweni, la sivyo kompyuta inaendelea kuhesabu habari za ile iliyoondoka. Yangu haikutambulishwa. Kompyuta inaidhania imeshiba, inazima injini kwa imani kamili, kisha inapiga stata na kusikia "tk".

Hapo ndipo fadhila zinapoanza kumiminika.

Ya kwanza ni ubanifu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, mtaa mzima unaguna, na mimi nagunia ujirani tu. Injini ndogo ikinguruma bure gari likiwa limesimama, kiyoyozi kikiwa kazini, inaweza kumaliza nusu lita kwa saa au zaidi. Yangu inamaliza sifuri. Nimekaa pale Mwenge muda wa kutosha mtu kwenda Kibaha, na mshale wa mafuta haukutikisika. Waliounda mfumo huu walitarajia kuokoa asilimia chache tu. Ukiharibika, unaokoa zote.

Ya pili ni kujua pa kuzimia. Haunizimii kwenye kichochoro cha nyumbani, ambako ningekosa hadhira. Unasubiri njia panda. Unasubiri afande awashikilie watu wa upande wetu mpaka madereva waanze kushuka kunyoosha miguu, kisha, anapotugeukia na kupunga mkono, wenzangu wote wanaondoka na mimi nabaki kama mwenyekiti wa kikao. Nakubaliana na mantiki yake. Aliyengoja kiasi kile ana haki ya kudhani safari imeahirishwa.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni watu. Madirisha yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kinapuliza, mtu anaweza kuishi Dar miaka mingi bila kuzungumza na yeyote kati ya nyumbani na kazini. Injini ikizima, kiyoyozi kinabaki kupuliza pumzi ya moto, vioo vinashuka, na jiji linaingia. Anaingia muuza korosho. Anaingia wa chaja za simu, anayejua kwamba safari hii huna pa kukimbilia na bei anaipanga kwa utulivu. Konda wa daladala iliyo nyuma anakuja mwenyewe hadi dirishani.

"Mzee, hesabu ya bosi haijatimia hapa. Ni mafuta?"

"Mafuta yapo. Ni kompyuta."

"Basi ulipeleke kwa watu wa kompyuta. Haya, weka N tusukume."

Wanakuja vijana wawili wa bodaboda, anakuja na mzee mmoja aliyekuwa akivuka tu, wanasukuma kwa moyo wote, na gari haliwaki, kwa sababu gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata ulifikishe Bunju. Hilo wanalijua. Wanasukuma ili nisogee pembeni, ila wananiachia heshima ya kuamini kwamba ni msaada. Nikifungua mlango niwashukuru, gari linaona dereva ameshuka, linahitimisha kwamba nimekata tamaa, na linaanza kupiga kengele. Mkanda nao hivyo hivyo: ukishaufungua, mambo ya kuwaka lenyewe yamekwisha, urudi kwenye P uanze upya kama mtu anayetoka nyumbani.

Sijataja bado fadhila ya kusahau. Umeme ukishuka wakati stata inahangaika, redio inafuta stesheni zote na saa ya dashibodi inarudi 1:00. Kwa gari langu, basi, kila wakati ni saa saba, iwe mchana au usiku, na nimeona ni muda mzuri, kwa kuwa chakula kinakuwa kimekaribia. Halafu injini ikikubali kuwaka, yule mama wa Kijapani aliye ndani ya dashibodi anarudia tangazo lake kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Barabara anazozisemea ziko Japani. Huku ninapolipa ni darajani Kigamboni, na pale kadi yake haijulikani. Lakini sauti yake ni ya upole mno, na katika dakika ile, honi zikilia nyuma, ndiye peke yake anayenisemesha kwa adabu.

Mtu atauliza kwa nini sibonyezi kitufe cha kuuzima. Nabonyeza. Kinatii hadi utakapozima gari. Ukiliwasha tena, mfumo umerudi kazini bila kinyongo. Fundi wangu wa umeme kule Gerezani ana dawa nyingine: kuchomoa waya wa boneti. Gari litaamini boneti iko wazi siku zote, na gari lenye boneti wazi halithubutu kujizima. "Bosi, hutasumbuka tena," ananiambia, bisibisi mkononi. Nimemwuliza kama hawezi kunifungia tu betri inayostahili, akanitajia bei, tukarudi kuzungumzia boneti.

Kwa sasa nimemzuia. Vitu vyenye fadhila namna hii havifai kukaa kwa mtu mmoja, na mimi nimefaidi vya kutosha. Kwa hiyo linauzwa. Rangi ya fedha, kiyoyozi kinapoza sana likiwa linatembea, halijawahi kugonga wala kugongwa, kwani limesimama muda mwingi. Bei ina maongezi. Mwenye nia aje kuliona asubuhi na mapema, injini ikiwa bado ya baridi, tuzunguke naye mtaa mmoja tu, halafu tukae tuandikishane.