Mzee wa Birmingham na Gharama Zake

Zipo anasa ambazo dunia nzima inakubali kuwa ni anasa, mathalan dhahabu, marumaru na zulia la Uajemi, na mwenye kuzitamani hujua tangu mwanzo kwamba ataulizwa fedha. Lakini ipo anasa nyingine, ya hatari zaidi, ambayo huanza maisha yake kuwa kitu cha maskini, ikakaa katika hali hiyo miaka mingi bila ya kumdhuru mtu, kisha ikazeeka, ikaadimika, na siku moja ikaamka imekuwa johari. Pikipiki kuukuu ni katika anasa za namna hii. Iliundwa ili asiyeweza kununua motokaa apate naye cha kupanda, na leo mwenye motokaa hutafakari sana, tena faraghani, kabla ya kuthubutu kuitengeneza.

Yangu mimi ni BSA Bantam ya aina ya kwanza, iitwayo D1, ambayo jirani zangu wa Ilboru, hapa Arusha, wameizoea kwa jina la Mzee. Na kabla sijasimulia alivyonifilisi haina budi nimtaje kwa nasaba, maana hata mdai ana haki ya kujulishwa kwa watu kwa heshima. Asili yake ni Ujerumani, ambako kiwanda cha DKW kiliunda pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, michoro yake ikachukuliwa na washindi kuwa fidia, na mtoto yule mmoja akapata baba wengi kwa ghafla: Mwingereza akamwita Bantam, Mmarekani akamtia katika ukoo wa Harley-Davidson, Mrusi akamuunda Moscow, na Mjapani, ingawa hakuwa miongoni mwa washindi, akamwigiza mwaka 1955 alipotoa Yamaha ya kwanza. Watu wa BSA huko Birmingham waliigeuza injini ubavu, wa kushoto ukawa wa kulia, hata gia ikawa chini ya mguu wa kulia na breki ya nyuma chini ya mguu wa kushoto. Na msomaji nitamwomba aliweke jambo hili akilini, kwa sababu hautapita muda mrefu litamtia mtu mferejini.

Alipotolewa mwaka 1948, bei yake huko Uingereza ilikuwa pauni 60 kabla ya kodi, na kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ya siku zile ilikwenda 20 kwa pauni, jumla yake ni shilingi 1,200. Hakuwa na makuu: nguvu zake ni za farasi wanne na nusu, gia zake tatu, na kazi yake mashuhuri ilikuwa kuwabeba vijana wa Posta ya Uingereza waliopeleka simu za maandishi. Kiumbe wa namna hii, mtumishi mwana wa mtumishi, nani angalimdhania kuwa iko siku atataka kutunzwa kama sultani?

Nilimkuta katika ghala la shamba la zamani la kahawa upande wa Usa River, chini ya magunia matupu, ambako kuku walikuwa wamemfanya makazi. Tangini mwake mna nembo ya jogoo, na yamkini mitetea ilimwona kuwa ni mtu wa nyumbani. Mwenye mali, mzee mpole aliyeachiwa chombo hicho na mwajiri wake wa kale, alinikaribisha kwa chai ya maziwa, akanitajia bei ambayo kwa insafu ilikuwa bei ya kuku. Lakini kabla mkono wangu haujafika mfukoni, mjukuu wake alitoa simu, akaichezea kidogo, kisha akamwambia, "Babu, usiuze. Huko Ulaya hii ni antiki." Tangu hapo, kadiri yule mzee alivyopangusa vumbi ndivyo bei ilivyopanda, na alipofika kwenye taa ya mbele nikamsihi aache usafi. Tulipatana mwishoni kwa kima ambacho hakikuhusisha kuku, na mayai yaliyokuwa chini ya kiti niliuziwa mbali.

Nikampeleka kwa fundi wangu wa Unga Limited, kijana hodari ambaye aweza kuishusha injini ya bodaboda, akaipandisha na kuuzungumzia mchezo wa Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Alimzunguka Mzee kwa taadhima, akaniuliza, "Shikamoo mzee. Hii ni Boksa ya nchi gani?" Kisha akatoa spana zake, na hapo ndipo mkasa wa kwanza ulipozaliwa, kwa kuwa namba 13 haikuingia na namba 14 iliteleza. Sababu ni kwamba pikipiki hii iliundwa Waingereza wakiwa bado hawajaipokea milimita, na nati zake zafuata desturi iliyoanzishwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambayo kwayo spana huitwa kwa unene wa shina la bolti wala si kwa upana wa kichwa, hata spana iliyoandikwa robo inchi ina kinywa kilichozidi nusu inchi. Nilimweleza fundi hekima hiyo kwa urefu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akachukua patasi na nyundo, akazifungua nati zote kabla ya adhuhuri. Nazo zilifunguka barabara, ila hazikufungika tena. Ikawa sharti ninunue spana za kufungia nati, na nati za kufungwa na spana, na Mzee mwenyewe bado hajapata hata plagi.

Sasa na tuingie katika elimu ya fedha, maana hapa ndipo ulipo ugonjwa. Kiwanda cha Birmingham kiliacha kuunda Bantam mwaka 1971, na kampuni yenyewe haikukawia kuanguka. Spea zilizosalia zikaliwa kidogo kidogo na miaka, na zinazouzwa leo aghalabu huundwa upya katika karakana ndogo, chache chache, kwa ajili ya wazee wachache wenye mapenzi. Kinachoundwa kwa kumi kumi hakiwezi kuuzwa kwa bei ya kinachoundwa kwa elfu elfu. Na pauni ambayo ilikuwa shilingi 20 leo imepita shilingi 3,000, hata zile pauni 60 zilizonunua pikipiki nzima pamoja na jogoo wake hazitoshi leo kwa kabureta mpya na nauli yake. Juu ya hayo, ushuru wa forodha hauhesabiwi kwa bei ya kitu peke yake, bali kwa bei pamoja na bima na nauli, kisha juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa umo ndani yake, huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18; yaani mtu hutozwa kwa kununua, akatozwa kwa kusafirisha, na akatozwa kwa kutozwa. Viwango vya ushuru wenyewe hupangwa kwa pamoja na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yapo papa hapa Arusha, kwa hiyo nina bahati ambayo watu wa Kampala na Kigali hawana: naweza kuyapita majengo yake kwa miguu, maana chombo hakijatengemaa, na kuyatazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuchangia.

Kifurushi cha kwanza kilipofika kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Uingereza, tulikifungua kwa Bismillahi mbele ya mafundi wote wa uani. Ndani yake mlikuwa na pistoni nzuri mno, inang'aa kama kikombe cha fedha, na kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuwa ilikuwa ya Bantam ya aina ya D7, ambayo upana wake ni milimita 61.5, ilhali silinda ya Mzee ni milimita 52. Mimi nilifadhaika. Fundi hakufadhaika hata kidogo, aliitazama pistoni, akaitazama silinda, akanena kwa sauti ya tabibu aliyekwisha kukata shauri, "Si kitu mzee wangu, tutaipanua silinda." Ilinibidi nimwonyeshe kwa rula kwamba tukiipanua kwa kadiri hiyo hakutakuwa na silinda, kutakuwa na dirisha. Kuirudisha pistoni Uingereza kungaligharimu zaidi ya pistoni, basi ikabaki nyumbani, na sasa mke wangu huwekea kalamu.

Tulipata suluhu kwa mkerezaji mmoja, mzee wa makamo mwenye mashine kongwe na subira kubwa, ambaye alitukerezea bushi na vijiti kwa ustadi ambao Birmingham ingeliona wivu. Lakini naye ana hesabu zake. Kifaa cha bodaboda, alinieleza, huchongwa mara moja kikawafaa watu mia. Changu huchongwa kimoja, hujaribiwa, hukataa, huchongwa tena, na hakuna mtu wa pili katika mkoa mzima atakayekiulizia. Sikuwa na jawabu, kwa sababu huo ndio ukweli wa soko. Nenda Kilombero ukaulizie spea ya pikipiki yoyote ya Kichina, ambazo nyingi injini zake ni za jamii ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, utaletewa na muuza duka, na jirani yake, na mpita njia. Ulizia tairi la Mzee, la inchi 19, mahali ambapo bodaboda karibu zote huvaa inchi 17 au 18, nao watakutazama kwa huruma na kukuuliza kama umekula.

Hatimaye ikawa siku ya kumwasha. Bantam hana mahali pa kutilia oili ya injini na pistoni. Oili huchanganywa na petroli tangini, ikaungua pamoja nayo, na fundi, kwa kumwonea huruma mgonjwa aliyelala muda mrefu, alimzidishia dawa. Kiki zilipigwa kwa zamu. Mzee alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena, kisha akanguruma na kutoa moshi mweupe uliofunika ua, njia, na kibanda cha mama ntilie wa jirani, ambaye alitoka akifunika sufuria kwa upande wa khanga na kuuliza kama manispaa imekuja kupiga dawa ya mbu.

Msaidizi wa fundi, kijana wa bodaboda, akadai kuwa chombo hakijulikani mpaka kipande mlima, akampanda hadi kwangu Ilboru. Kupanda alipanda, kwa gia ya kwanza, akipitwa na wanafunzi waliokuwa wakitoka shule. Balaa lilikuwa katika kushuka. Alipotaka kupunguza mwendo alikanyaga breki kwa mguu wa kulia, kama walivyokanyaga wenziwe wote tangu pikipiki zilipoingia mjini, na Mzee, kwa kuwa breki yake iko kushoto, aliipokea ile kuwa amri ya kubadili gia. Kijana akazidi kukanyaga, Mzee akazidi kutii, na utii huo uliwapeleka wote wawili kupitia shamba la migomba hadi katika mfereji wa kumwagilia. Alhamdulillahi, kijana hakuumia ila alivaa tope. Bibi mwenye shamba alitoka mbio, akampa pole za dhati, akamnawisha uso, kisha akaanza kuhesabu. Kila mgomba ulioanguka ulikuwa wa mshale, na kila mshale ulikuwa karibu kuzaa, na mkungu ambao ungalizaliwa ulikuwa tayari na mnunuzi wake sokoni Tengeru. Nililipa, na nilipokuwa nikilipa nikatambua kwamba Wajerumani hawakuwa peke yao kutoa fidia kwa ajili ya pikipiki hii.

Mke wangu, ambaye amejaliwa akili ya hesabu na ulimi usiopoteza maneno, alikuwa ameyaandika yote hayo katika daftari, pembeni mwa karo za shule, na jioni ile alinisomea tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kuongeza hata neno. Alipofunga daftari alisema, "Baba Watoto, mwenye mgonjwa wa kudumu hutafuta kazi ya pili." Hivyo ndivyo tulivyonunua Boksa. Tukampa yule yule kijana wa mferejini, aliyekwisha kutubu mbele ya gia za kulia, ili aiendeshe bodaboda na kutuletea hesabu kila jioni. Na hesabu hiyo huingia katika bahasha iliyoandikwa jina la Mzee, ambamo hulala usiku mmoja, aghalabu, kabla ya kwenda kwa mkerezaji. Ikawa chombo cha maskini wa leo chahangaika juani kutwa, kipande Sakina na kishuke Njiro, ili kumlisha aliyekuwa chombo cha maskini wa jana, ambaye sasa amevaa nikeli na kulala ndani.

Mpango huu una upungufu mmoja. Juma lililopita Mzee alinizimikia karibu na Mnara wa Saa, na kijana wangu alikuwa akipita na Boksa yangu, akasimama kwa heshima, akaniamkia, akanipakia. Tulipofika Ilboru nilishuka nikamshukuru, naye akanyoosha mkono. "Nauli, mzee." Nikamkumbusha kuwa pikipiki ni yangu. "Naam, mzee, najua," akanijibu kwa unyenyekevu usio na dosari, "lakini usiponipa nauli hesabu ya leo haitatimia, na jioni wewe mwenyewe ndiye utakayeniuliza." Nikatafuta kosa katika maneno yale nisilione, nikamlipa, na jioni aliniletea fedha yangu kwa mikono miwili, nami nikaitia katika bahasha, tayari kwa plagi.