Meneja, Nifungulie Akaunti Kama Gunia la Vitunguu

Mheshimiwa Meneja wa Tawi,

Shikamoo, ingawa huenda nakuzidi umri. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni, kile kilichofungwa mguu kwa waya. Wiki ya nne sasa, hiki ndicho makazi yangu Nairobi. Ungekubali kukiandika kwenye fomu, tungekuwa tumemalizana.

Mimi ni mteja wako wa miaka kumi na mmoja. Samahani: wa tawi lako la Arusha, lenye jina hilihili, rangi hizihizi na bango lilelile la familia inayocheka. Nilidhani ni benki moja. Dada wa dirisha namba 4 akanielewesha kwa upole kwamba kule ni kule na huku ni huku. Nikaelewa. Ila makato ya kutuma fedha zangu kutoka kwako kuja kwako hayana kule wala huku. Yanakatwa pande zote mbili.

Kibali cha kazi ninacho. Namba ya mlipakodi ninayo. Mtoza kodi alinitambua kabla sijajua basi la kunifikisha kazini. Mmebaki ninyi, mnaotaka bili ya umeme yenye jina langu. Meneja, nyumba niliyopanga ina mita ya tokeni. Tokeni haina bili, ni tarakimu ishirini kwenye simu, na mita yenyewe ina jina la marehemu baba wa mwenye nyumba. Nikaleta mkataba wa pango. Mkataka muhuri wa wakili. Nikalipia muhuri, mkataka barua ya utambulisho. Nikaagiza ya mwenyekiti wa mtaa wangu Arusha, ikaja na basi. Kijana wenu akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Huyu ni mwenyekiti wa kampuni gani?"

Basi nimefikiri sana, na nina ombi. Nifungulie akaunti kama gunia la vitunguu.

Vitunguu vya Mang'ola huvuka mpaka wa Namanga na lori, kesho yake viko soko la Marikiti hapa Nairobi vinauzwa, na hakuna anayeviuliza vinalala wapi. Shehena isiyozidi dola 2,000 ina cheti chake chepesi cha uasili. Mimi asili yangu ni Afrika Mashariki tupu, na thamani yangu, baada ya makato yako, haifiki huko. Niko tayari kuingia kwenye neti nyekundu, miguu itangulie, juu pashonwe kwa kamba ya katani. Mkaguzi anibonyeze shingo, maana kitunguu chenye shingo mbichi huoza. Yangu ataikuta imekauka kabisa, nimeianika kwenye foleni yako. Animenye na maganda ya juu akitaka. Akitokwa na machozi, atakuwa mtu wa kwanza humu ndani kulia kwa ajili yangu.

Mengine ni madogo. Kalamu ya kaunta ifunguliwe mnyororo. Mlinzi aache kuniita mgeni, tumeshajuana kuliko majirani. Na ile familia ya kwenye bango mnaweza kuigeuza icheke ukutani.

Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Watu wavuke, wafanye kazi, waishi. Mtaji nao uvuke. Yote yameandikwa. Mwanangu, ambaye siku hiyo hakuwa amezaliwa, Jumatatu iliyopita alirudishwa nyumbani kwa ada. Ada hiyo iko kwako, Meneja. Nimeiona kwa macho yangu dada alipogeuza kioo cha kompyuta. Mshahara wangu umekaa kwa mwajiri kwa sababu yeye hulipa benki tu, na mimi ninayefundisha watoto wa watu nakopa nauli kwa mwalimu mwenzangu, nikiwa na akiba ya miaka kumi na mmoja. Mmenifanya ombaomba mwenye fedha zake. Hamna haya.

Samahani, nimepandisha sauti. Mlinzi ananitazama.

Naambatisha nakala tatu za pasipoti, kibali, mkataba, barua ya mwenyekiti, na kitunguu kimoja ili mlinganishe.

Wako,
Mteja mwenye tiketi namba 147. Kwenye kioo wanaita 62.