Navigeta wa Kutapika

Jirani, sogeza hilo benchi. Na hiyo chai unayoagiza, agiza mbili, maana mimi leo nimetoka kuaibishwa na Probox.

Jamaa kanishika hapa stendi ya Hola asubuhi. Gari lake linakohoa. "Wewe si mtoto wa Fundi? Hebu lisikilize." Nikalisikiliza. Nilichosikia ni gari. Nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema ngoja nifungue boneti. Nikavuta kidude kule chini ya kiti. Kikafunguka kifuniko cha tangi la mafuta. Vijana wa bodaboda wakacheka mpaka mmoja akadondosha miraa yake. Akaiokota, akacheka tena.

Ndiyo hali yangu tangu tumzike Mzee. Watu wanadhani ufundi unarithiwa kama pua. Pua nimeirithi, tazama mwenyewe. Spana hapana. Mpaka leo sijui kwa nini kuna namba 12 na namba 13, na mbaya zaidi sijui ninayo ipi mkononi.

Mzee wangu alikuwa mtu wa kulala chini ya matrekta ya skimu ya umwagiliaji, siku zile pamba ya Hola ni pamba. Ovaroli moja, ilikuwa na grisi hadi inasimama yenyewe pembeni ya mlango. Lakini ukimuuliza kazi yake hakukuambia fundi. Alikuambia, "Mimi dereva wa rali, sijapata tu nafasi." Hakuwahi kupata. Hata hivyo alijiandaa miaka arobaini.

Sisi Waislamu, lakini nyumbani kwetu kulikuwa na sikukuu tatu: Idi ndogo, Idi kubwa na Pasaka. Pasaka ndipo Safari Rally ilipokimbia. Betri za redio zilianikwa juani wiki nzima. Mama akikohoa wakati matokeo yanasomwa, anatolewa nje akakoholee kwa majirani. Mwaka 1982 Shekhar Mehta aliposhinda mara ya tano, nne kati ya hizo mfululizo, Mzee alisusa chakula cha jioni. Kisa? Yeye alikuwa mtu wa Joginder Singh. Joginder ana ushindi wa mara tatu tu, 1965, 1974 na 1976, na Mzee aliona hiyo tano ya Mehta ni ukosefu wa adabu kwa wakubwa.

Huyo Joginder ndiye aliyetuletea umaskini nyumbani, wallahi. Mzee aliposikia kwamba ile Volvo iliyoshinda 1965 ilikuwa gari lililokwishatumika, basi. Alikwenda Malindi na pesa za mabati, akarudi na Peugeot 404 pikapu isiyo na mlango wa kushoto. Mama akauliza mabati yako wapi. Mzee akasema, "Joginder alishinda na mtumba." Mama akauliza kama huyo Joginder nyumba yake inavuja. Hapo Mzee akaingia chini ya gari, na mtu akiwa chini ya gari huwezi kugombana naye, unagombana na miguu.

Sasa mimi hapa naingiaje? Joginder kwenye ile Volvo alikaa na mdogo wake Jaswant. Yaani rali ni mambo ya damu. Mzee hakuwa na mdogo wa kiume. Alikuwa na mimi, miaka 7, mwenye tumbo jepesi.

Kazi ya navigeta ni kusoma njia. Nilikaa upande usio na mlango, nimefungwa kwa kamba ya mbuzi, saa ya Mzee mkononi imenizunguka mara mbili, daftari mapajani. Hola mpaka Garsen. Siku hizo njia ile kiangazi ni unga na mvua ni ugali. Nasoma: mto mkavu mbele. Kushoto. Shimo. Ng'ombe. Ng'ombe wengine. Mchungaji wa Kiorma anatutazama kama tumetoroka mahali. Mimi kushoto na kulia zilikuwa hazijanikaa, basi nilikuwa nataja ile niliyoipenda siku hiyo. Tumeingia kwenye migomba ya watu mara ngapi! Mzee hakunikaripia hata siku moja. Anarudi kinyumenyume, anamwomba mwenye shamba radhi, ananiambia, "Navigeta, tuendelee." Mbele kidogo natapika. Anasimama, ananipangusa kwa ile ovaroli, na hapo ninanuka grisi juu ya matapishi. Tunaendelea.

Rekodi yake ya muda, Hola mpaka Garsen, hakuivunja kamwe. Nani alaumiwe? Mimi. Nikiri tu.

Mwaka 1989 Mto Tana ukahama njia, pampu za skimu zikabaki zinatazama mchanga. Matrekta yakanyamaza. Na mwaka huo huo mimi ndiyo nimepata shule ya bweni Malindi, sijui kwa kubahatisha gani. Karo ilipatikana wapi sikuuliza. Nilijua tu nikirudi likizo naikuta 404 imepungua kitu. Mara taa. Mara kiti. Muhula mmoja nilikuta inakaliwa kwenye kreti la soda.

Rali yenyewe ilipotolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, Mzee alinuna kama ametolewa yeye. Iliporudi Naivasha 2021 nikamwonyesha kwenye simu. Ogier huyo anashinda. Mzee akauliza ni kilomita ngapi za kushindania. Nikamwambia 320. Akanirudishia simu. "Sisi tulikuwa tunakwenda elfu tano." Sisi!

Basi leo, baada ya aibu ile, napangua kisanduku chake cha spana, nitafute cha kumtuliza huyu wa Probox, nikakuta daftari. Kila safari imeandikwa. Muda wa kutoka, muda wa kufika, na safu pembeni: sababu ya kuchelewa. "Navigeta katapika." "Navigeta katapika mara 2." "Migomba." "Navigeta kalala, sikutaka kumwamsha." Kurasa na kurasa za aibu yangu, kwa kalamu nyekundu.

Ukurasa wa mwisho ni Januari 1989, siku aliyonipeleka shule. Kwenda, nilitapika mara 3, na bado tulifika vizuri. Kurudi yuko peke yake, gari jepesi, hana wa kumpoteza njia. Hapo ndipo alipaswa kuvunja rekodi. Jirani, alichelewa saa mbili na nusu. Sababu: "Pancha."

Nikampelekea Mama asome. Akavua miwani. "Pancha gani? Tairi la akiba lilirudi na vumbi lake la wiki iliyopita. Mimi nikamuuliza macho yamefanya nini, akaniambia petroli imemrukia."

Hebu inama kidogo. Si yule jamaa wa Probox anayekuja, na spana mkononi? Mwambie nimekwenda Garsen.