Kunguru wa Tandika na Taa za Angani

Kunguru wa Tandika aliokota simu iliyodondoka kutoka kwenye daladala ya Mbagala. Akarekodi anga, kisha akawaita wanyama wa Temeke chini ya mwarobaini ulio nyuma ya soko.

"Wageni kutoka sayari za mbali wamefika!" akatangaza. "Ushahidi huu hapa."

Kuku wakapiga mayowe. Panya wakaanza kuhamishia akiba yao Yombo. Kunguru akatoza punje 10 kwa kila mtazamaji, na punje 20 kwa hirizi ya kujikinga.

Kobe akafika wa mwisho. "Shikamoo, Mzee," wakamwamkia. "Marahaba. Kunguru mwanangu, ulisimama wapi, ukaelekea upande gani, na ilikuwa saa ngapi?"

"Mzee, kwani maajabu yana saa?"

"Lililotokea lina saa yake na mahali pake. Hebu tuone."

Video ya kwanza ilionyesha taa nyingi zikipita kimya, moja nyuma ya nyingine, kisha zikizimika katikati ya anga. Kunguru akakumbuka kwamba ilikuwa saa moja na nusu jioni. "Hizo ni setilaiti za Starlink," Kobe akasema. "Kampuni ya SpaceX ilirusha 60 za mwanzo Mei 2019, na hadi leo hurushwa kwa mafungu. Kwetu jua limeshazama, lakini huko juu bado linazimulika. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia, hazionekani tena."

Video ya pili ilikuwa na duara la buluu likicheza juu ya taa ya barabarani. Kila taa ilipokwenda kushoto, duara lilikwenda kulia. Taa ilipopanda, lenyewe lilishuka. Kobe akamtaka Kunguru arekodi tena palepale. Popo akatandaza bawa mbele ya taa, duara likatoweka. Akalikunja, likarudi. Wote wakaona kwamba duara halikuwa angani, bali ni mwanga wa taa uliojirudia ndani ya kioo cha kamera.

Video ya tatu ilikuwa ya sekunde 4: nukta nyeupe katika giza, basi. Kobe akaitazama mara nyingi. "Hii siijui," akasema.

"Amekiri!" Kunguru akapaza sauti. "Basi ni wageni!"

"Nimesema siijui, usiniongezee neno. Hapa hapana paa, hapana mti, hapana nyota ya kupimia. Mdudu aliye karibu na ndege iliyo mbali, katika picha hii ni kitu kimoja."

Bundi akaunga mkono: "Hata jopo la NASA lililochunguza vitu visivyojulikana angani, katika ripoti yake ya Septemba 2023, lililalamikia uhaba wa data nzuri, wala halikupata ushahidi kwamba vitu hivyo vinatoka nje ya dunia."

"Kwa hiyo angani hamna kitu?" Kunguru akauliza.

Mbayuwayu, msafiri, akajibu: "Vipo. Tarehe 30 Desemba 2024, kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya, ilianguka pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Maofisa walilizingira eneo, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza, baada ya uchunguzi wa awali, kwamba ni kipande cha roketi. Wenzetu waliita wachunguzi, hawakufungua duka la hirizi."

Baraza likaamua. Kunguru arudishe punje za watu. Atakayerekodi ataje saa, mahali na upande, na picha yake iwe na paa au mti. Video ya tatu iwekwe, iandikwe "haijajulikana", na isiuzwe kwa jina lingine.

Ndugu msomaji, kutojua si aibu, ndiko uchunguzi unakoanzia. Aibu ni kulijaza pengo hilo kwa hofu na kumlipisha jirani. Video ya ajabu ikikufikia, uliza maswali ya Kobe kabla hujaisambaza.