Hotuba ya Bingwa wa Uhamiaji, Steji ya Garsen

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana wa bodaboda mnaokoroma juu ya pikipiki: kaeni kitako, elimu inapita.

Kwa wale wageni, mimi ndimi bingwa wa uhamiaji wa kimataifa kutoka Minjila hadi Kipini. Cheo hiki sikupewa na mtu. Ningengoja kupewa ningezeeka. Nimekaa chini ya mwembe huu miaka 20 nikitazama mabasi ya Malindi, Lamu na Garissa, na anayetazama basi huona mengi kuliko aliyelala ndani yake.

Mhamiaji ni nani? Wasomi wa Geneva husema ni mtu aliyeondoka mahali alipozoea kuishi. Wamekosea! Mhamiaji ni yule anayeshushwa kwenye kizuizi. Askari hupanda, husema "vitambulisho juu", kisha hushuka na watu wawili. Hao ndio. Siku moja mmoja wao alikuwa mpwa wangu, mzaliwa wa Wema, ambaye hata Malindi hajaiona.

Sasa tazameni Mto Tana. Umetoka Mlima Kenya na Aberdare, umepita Masinga na Kiambere, kilomita kama 1,000 hadi baharini, na hakuna aliyeuuliza babu yake alizaliwa wapi. Ukifurika humhamisha Mpokomo na mahindi yake, Muorma na ng'ombe wake. Mimi mwenyewe umenihamisha mara tatu, mara ya mwisho nimejitwika godoro na kuku. Je, mimi ni mkimbizi? Hasha! Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humlinda anayeandamwa kwa dini, taifa au siasa yake, na mto hauna chama. Wa Kampala, wa 2009, ndio unaotutaja sisi tuliofurushwa na maji ndani ya nchi yetu. Ni mkataba mzuri mno. Mto tu ndio haujausoma.

Tuje kwenye sera, uwanja wangu wa nyumbani. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa 1991. Mwaka 2016 serikali ikasema inazifunga. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hazifungwi. Mtoto aliyezaliwa humo siku zilipofunguliwa leo ana watoto wake, na miaka yote hiyo, akitaka kuja Garsen kununua maembe, sharti aombe kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango kidogo. "Kidogo" ni kipimo cha kitaalamu: nimechungulia.

Wakati huohuo, serikali inayozuia wanaoingia inawasindikiza wanaotoka. Mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Chai yetu yote haifui dafu. Basi binti akienda Saudia kufanya kazi za nyumbani, tunampigia vigelegele. Huko kuna kafala: ukaazi wako uko mikononi mwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, na ukimtoroka wewe ndiwe mhalifu. Yupo mmoja hapa nyuma ya msikiti, amerudi na sanduku jipya. Hasemi. Mama yake hukaa naye kibarazani mpaka usiku, naye hasemi.

Hilo liko nje ya mada.

Maswali? Kijana wa kofia. Ati kama nimewahi kutoka nje ya nchi? Huna adabu, lakini nitakujibu. Pasipoti niliomba. Ofisi ikataka hati za babu. Nikapeleka kipande chake cha mkoloni, kile cha kuning'iniza shingoni. Wakasema safi, sasa ngoja kamati ya wazee ihakiki kama wewe ni Mkenya. Nikangoja hadi nikateuliwa kuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo. Nimehakiki vijana wengi, na wote niliwapitisha. Faili langu lilikuwa chini kabisa ya rundo, na mtu hajipigii muhuri mwenyewe. Februari 2025 Rais akatangaza huko kaskazini kwamba uhakiki wa namna hiyo umefutwa. Nasi huku tukafunga daftari, tukanywa chai, tukaagana.

Juzi nimerudi ofisini. Wanataka barua ya kamati.