Nani Anakunywa Petroli ya Morris?

Gari yetu ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1963, ya kijivu, aliyotuachia marehemu baba mkwe. Nyumba iko Malindi ya mjini Unguja, ndani ya uchochoro ambao Vespa mbili hazipishani, kwa hivyo Morris hulala nje karibu na bandari, na ukivuma kaskazi hupigwa na hewa ya chumvi usiku kucha. Si pambo. Ndiyo inayompeleka Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, hospitali ya Mnazi Mmoja. Ndiyo inayonifikisha mimi skuli ninakofundisha fizikia. Na maharusi wa ukoo huu hawakubali kupanda gari nyingine.

Kaskazi ya mwaka jana Morris ikaanza kula mafuta. Mume wangu huweka pesa za petroli kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na kila mwezi ZURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya yeye huongeza au hupunguza. Safari hii bei haikupanda sana, lakini kopo likawa tupu kabla mwezi haujafika nusu. Pesa za petroli zikaingia kwenye pesa za samaki, za samaki zikaingia kwenye ada ya chuo ya mtoto wa wifi yangu, ambaye tunakaa naye.

Ushauri haukukosekana. Kwenye baraza ya kahawa walimwambia mume wangu injini imezeeka, atoe aweke ya Toyota. Mwengine akamwambia auze, kuna watu wa hoteli wanazitaka gari hizi wazipaki mlangoni. Mume wangu alirudi kimya, nami nikajua linamkata, maana gari ile ndiyo iliyomfunza kuendesha.

Kisha shemeji, kaka wa mume wangu, akaja na lake tukiwa tunakula. Petroli inaibiwa, alisema, tena mwizi hatoki mbali. Jina hakulitaja, ila alimwangalia yule kijana wa wifi yangu, kwa sababu ndiye anayelala chumba cha chini karibu na msumari wa funguo. Kijana akanawa mkono, wali haujafika nusu, akatoka. Bi Mkubwa naye hakula tena.

Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Kabureta ukiisingizia haina cha kupoteza. Mtoto ukimwita mwizi mbele ya bibi yake, neno halirudi. Nikamwambia mume wangu gari hiyo haifunguliwi hata skrubu moja, wala mtu haulizwi jambo, mpaka tupime.

Hesabu aliyokuwa nayo yeye ilikuwa "tano kwa lita". Niliposema kwa sauti kwamba kilomita tano ni mwendo wa lori lililojaa mchanga, Bi Mkubwa akauliza kutoka kitandani kwake:

"Kilomita zipi? Gari ya baba yenu inahesabu maili. Mwenyewe akinambia, Makunduchi maili arubaini."

Tukashuka na tochi. Kwenye saa ya mwendo, chini ya namba, pameandikwa maili. Maili tano ni kilomita 8. Aibu ikapungua, shida haikwisha, kwa sababu Minor yenye injini ya 1098, waliyoanza kuitia mwaka 1962, ikiwa nzima na dereva hana pupa huenda kilomita 12 mpaka 14 kwa lita. Haikuundwa kwa watu wa fahari. Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, aliichora iwe gari ya mtu wa kawaida. Ilionyeshwa London mwaka 1948, na kufikia mwisho wa 1960 zilikuwa zimeshaundwa milioni moja. Gari ya watu wa mshahara haiwezi kuwa mlafi kwa tabia. Ikiwa mlafi, inaumwa.

Jumapili tukajaza tangi mpaka shingoni, pampu moja, gari imesimama pale pale palipo sawa. Ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu, tukaenda Makunduchi kwa jamaa wa Bi Mkubwa, yeye mbele, kijana nyuma na daftari. Nilimtaka makusudi awe yeye anayeandika.

Pale Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju wavuke salama, tulikwenda polepole, na ndipo nikaisikia harufu. Tukasimama kivulini kabla ya Kitogani. Nikapitisha mgongo wa mkono kwenye kila gurudumu, pale katikati. Matatu yalikuwa na uvuguvugu wa kawaida. La mbele kulia sikuweza kuliachia mkono. Mume wangu akapiga jeki, akalizungusha: likaenda robo ya mzunguko likakwama. Breki za gari hii ni za ngoma kote kote, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili ndogo za kusukuma shuu. Kutu ya chumvi ikiingia mle, shuu hutoka isirudi, na injini inakuwa inavuta gari iliyokanyagiwa breki. Unaweza kuendesha hivyo muda mrefu usijue, kwa sababu hali hiyo haiji kwa siku moja.

Tuliporudi mjini tukajaza tena kwenye pampu ile ile. Maili 81, lita 15 na nusu. Kijana akapiga hesabu kwenye daftari, kilomita 8 na nukta nne kwa lita. Nikamwonyesha mume wangu maana yake. Kungekuwa na mtu anayefyonza tangi usiku, safari hii ya mchana mmoja, ufunguo uko mkobani, ingetoa namba nzuri, na ya mjini ingebaki mbaya. Zote mbili zilikuwa mbaya sawasawa. Mafuta yalikuwa yanateketea humo humo ndani ya gari.

Gurudumu peke yake lakini halili kiasi hicho. Tukampelekea mzee mmoja fundi, Kikwajuni, aliyezijua Minor tangu zikiwa teksi. Hakugusa spana. Aliwasha swichi bila kupiga stata, akainamisha kichwa. Pampu ya petroli ya gari hii ni ya umeme, imefungwa chini ya boneti, na ikisukuma hulia tik, tik, tik, kisha hunyamaza kabureta ikijaa. Ilinyamaza. "Haivuji," alisema, "wala boya halipitishi. Petroli inapita njia yake. Sasa tutazame inachomwaje."

Akafungua plagi nne akazipanga juu ya gazeti. Zote nyeusi, masizi makavu ambayo ukiyapitishia kidole yanatoka unga. Masizi ya aina hiyo ni ya petroli iliyozidi hewa. Ingekuwa injini imechoka inapitisha oili, plagi zingetoka zimelowa. Kwa hivyo neno la barazani la kubadilisha injini likafa pale juu ya gazeti. Akarudisha plagi, akawasha, akasukuma kijipini kilicho chini ya kabureta kinachonyanyua pistoni yake kidogo, upana wa ukucha. Injini ikaongeza kasi na ikabaki hivyo. Mchanganyiko ukiwa sawa, kasi hupanda kidogo ikatulia. Ukiwa na petroli haba, injini hutaka kuzimika. Hii yetu ilifurahi kupewa hewa.

Kabureta ya SU ina jeti moja tu na sindano moja inayopanda na kushuka ndani yake. Choki ya gari nyingi huziba hewa. Ya SU hufanya kinyume: inaivuta jeti chini, sindano inaacha nafasi kubwa, petroli inapita zaidi kwa ajili ya kuwasha asubuhi. Ukirudisha kitufe ndani, jeti inapaswa kupanda hadi igote kwenye nati yake. Mzee akanishika mkono akanielekeza chini. Kitufe cha choki kilikuwa kimerudi ndani kabisa, mtu yeyote aliyekaa kwenye usukani angeapa kwamba choki imefungwa. Lakini chini, baina ya jeti na nati, ukucha wangu uliingia. Waya ulikuwa umekauka, na kwenye kiungo cha mkono wake kulikuwa na ukoko mweupe na wekundu wa kutu. Nilionja ncha ya kidole. Chumvi.

Gari ilikuwa inatembea na choki mchana kutwa, kaskazi nzima, mafuta yakitoka ya kuamshia injini iliyokwisha kuamka.

Mzee alifungua, akasugua, akapaka grisi, akatia waya mpya. Na alipofunika alitwambia jambo jengine lililonichoma: themostati haimo. Fundi fulani wa zamani aliitoa, kwa imani ile iliyoenea kwetu kwamba nchi ya joto haina haja nayo. Injini isiyofikia joto lake hula zaidi, na safari za Malindi mpaka Darajani haziipi muda. Akatia nyengine.

Tukaenda Makunduchi tena, njia ile ile, abiria wale wale. Maili 81, lita 10 na robo. Kijana aliandika kilomita 12 na nukta saba kwa lita, akapigia mstari mara mbili.

Daftari Bi Mkubwa alilichukua yeye. Alimwita shemeji jioni, akamkalisha, akamsomesha namba zile moja moja kama anayemsomesha hati ya deni. Shemeji ni mtu mzima na si mtu mbaya. Alikuwa na uchungu wa pesa na wa gari ya baba yake. Aliteremka chumba cha chini mwenyewe, nasi tukamsikia kutoka kwenye ngazi.

"Niwie radhi, mwanangu. Nilikudhulumu."

"Yamekwisha, mjomba."

Bi Mkubwa akasema kwa sauti ya kufika chini: "Hayajakwisha. Ada ya chuo iliyoingia kwenye petroli atailipa nani?" Shemeji aliilipa wiki ile ile.

Mipira ya silinda za gurudumu la kulia bado tunaitafuta. Darajani hamna, na dukani Dar es Salaam wametuma ya namba nyengine. Fundi amezisugua zile kuukuu, shuu zinarudi, ila ametuagiza kila tukifika mwisho wa safari tupitishe mgongo wa mkono, na likianza kupata moto tumletee gari siku hiyo hiyo.