Namna ya Kumfuga Shaushi Asiyekufa

Unataka kuandika riwaya ya vita vya zamani, tena ya juzuu tano, na unataka itokee huku kwetu Sanya Juu. Hongera, na pole. Shujaa hatakusumbua. Mashujaa wamejaa: kijana wa Siha, mrefu kiasi, mama mjane, hajui kusema uongo. Msomaji atakuwa amemsahau kabla gari halijafika Boma Ng'ombe. Kinachouza juzuu ya pili ni adui, na hasa adui ambaye msomaji alimwona kwa macho yake akiangushwa katika juzuu ya kwanza.

Kazi hii Bernard Cornwell anaijua. Huyu ni Mwingereza anayeandika riwaya za askari aitwaye Sharpe, na ndani yake kuna sajenti mmoja mwovu, Obadiah Hakeswill. Alinyongwa utotoni akapona; shingo ikabaki inamrukaruka, naye akaamini kwamba kifo kimemshindwa. Cornwell alimpiga risasi akafa katika kitabu cha mwaka 1984. Baadaye akagundua kuwa amechinja ng'ombe wa maziwa. Ikabidi arudishe kalenda nyuma hadi vita vya India vya 1799, wakati sajenti yu mzima wa afya, akamkamua vitabu vitatu zaidi. Wewe usijitie katika gharama hiyo. Usimuue mapema.

Cheo ndicho wengi wanachokosea. Wanakimbilia gavana au jenerali mwenye masharubu. Jenerali yuko mbali, anachora mishale kwenye ramani, na hakuna msomaji aliyewahi kukosa usingizi kwa kumchukia mtu wa ramani. Chagua shaushi, yaani sajenti wa askari wa Mjerumani. Shaushi analala hatua ishirini kutoka kwa shujaa wako, anajua kwao, anajua ana dada, na kiboko kiko mkononi mwake. Abdulrazak Gurnah hakulikosea hili: katika riwaya yake Afterlives, anayemkata askari Hamza kwa upanga ni Feldwebel, mtu wa cheo cha katikati tu, mwenye kinyongo kikubwa kuliko mshahara wake.

Tena awe wetu. Hapo waandishi wetu hupata kigugumizi, lakini ukweli hauna haya: maafisa wa jeshi la Mjerumani walikuwa Wazungu, na askari walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Aliyekuja kumdai bibi wa bibi yako mbuzi hakuwa na macho ya buluu, na alibisha hodi. Kwa hiyo mpe shaushi wako adabu. Vikongwe awaamkie kwanza, aulizie mgomba umezaaje, ndipo afungue zizi. Siku ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, ahesabu kwa sauti kama mwalimu. Akifika ishirini na tatu akohoe, amgeukie ombasha, mdogo wake wa cheo, aulize kwa upole, "Tulifika ngapi vile?" Ombasha anyamaze. Basi aanzie kumi. Ukurasa huo mmoja utakulipia uchapishaji.

Sasa swali gumu: anarudije? Mwandishi mvivu atasema alidhaniwa amekufa, kumbe maji yalimchukua yakamtupa ng'ambo. Msomaji aliyekulia kwenye michezo ya redio atafunga kitabu hapo hapo. Adui wa kweli harudi kwa maji. Anarudishwa, na wa kumrudisha ni mkubwa fulani mwenye haja naye.

Huna haja ya kubuni. Mwaka 1891 Carl Peters alikuja Kilimanjaro akiwa kamishna wa dola ya Ujerumani. Alimnyonga mtumishi aliyeitwa Mabruk, kisha msichana Jagodia aliyekuwa amemfanya kimada, na watu wakampa jina la Mkono wa Damu. Habari zikafika Berlin, zikapigiwa kelele bungeni, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi. Juzuu ya kwanza imekwisha, sivyo? Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm akamrudishia jina la ukamishna. Mwaka 1914 akampa na pensheni. Na mwaka 1941, mwenyewe akiwa kaburini zaidi ya miaka ishirini, Wanazi wakamtolea filamu, akachezwa na Hans Albers, safari hii akiwa shujaa.

Ukitaka wa karibu zaidi, yupo nduli. Idi Amin alianza chini kabisa katika KAR, jeshi la Waingereza, akapanda hadi sajenti, hadi effendi mwaka 1959. Mwaka 1962 kikosi chake kiliua wafugaji wa Turkana. Waingereza wengine walitaka ashitakiwe, lakini uhuru wa Uganda ulikuwa mlangoni, na maafisa Waafrika walikuwa wawili tu, yeye akiwa mmoja. Waziri mkuu Obote akaona karipio linatosha. Mwaka 1971 aliyekaripiwa akampindua aliyemkaripia, Oktoba 1978 akavamia Kagera, na Machi 1979 Waganda waliokimbia kwao wakakutana hapo Moshi mjini kupanga nani aongoze baada yake. Riwaya nzima ya juzuu nne imo katika karipio moja. Kwa hiyo mwekee shujaa wako siku ya kumsamehe shaushi, tena kwa sababu nzuri.

Mahali unapo. Machi 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Stewart wa Waingereza alitoka Longido na jeshi lake, akazunguka mlima upande wa magharibi kupitia Ngarenairobi na Gararagua, awakate Wajerumani njia ya kukimbilia Kahe. Alichelewa. Wajerumani wakapita, naye baadaye akaondolewa Afrika Mashariki. Wanahistoria watakutajia njia mbaya na tahadhari iliyozidi. Wewe tuambie ni nani aliyejitolea kumwonyesha njia, tarbushi yake ya askari ikiwa imeshafichwa kwenye mkoba.

Ila chunga umri, maana wasomaji wa huku wanapiga hesabu. Akiwa na miaka 18 siku Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi aliyewapinga, Machi 1900, atakuwa na 34 Stewart akipita, na 69 mwaka 1951 Wameru wanapofukuzwa Engare Nanyuki kupisha walowezi. Kiboko hatakiweza tena. Mkalishe kwenye kiti, chini ya mti, ashike orodha ya majina.

Na kifo? Peters alifia Ujerumani mwaka 1918, pensheni yake ikiwa salama. Amin alifia hospitalini Jeddah, Agosti 2003. Basi shaushi wako mpe nyumba ya bati, ekari tano kandokando ya barabara ya Ngarenairobi, na wajukuu wanaogombania kumpelekea mbege. Wasomaji watachachamaa, watakuandikia wakidai anyongwe. Wajibu kwa heshima kwamba hapa kwetu aliyenyongwa ni Mangi Meli.